Adamiti: Mnaogopa Mwanga, Mnaiacha Aseniki

Swali lenyewe huja na video. Jiwe liko mezani, balbu ya chumbani imezimwa, mtu anawasha taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, na jiwe linawaka kijani kikali. Kisha yanafuata maandishi: "Mtaalamu, hii ni urani? Kilo bei gani?" Wenye watoto huongeza la tatu: je, walitoe ndani ya nyumba usiku huo huo? Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na ana kwa ana hadi limenichosha, na kila nikimjibu mmoja, wengine watatu wanatuma video zao. Acha nilijibu hapa, mara moja.

Jiwe ninaloonyeshwa mara nyingi siku hizi ni adamiti. Ndugu aliye Muscat au Minneapolis ameliona mtandaoni, amevutiwa na rangi yake ya ndimu changa, amelinunua na kulileta nyumbani kama zawadi. Karibu yote hutoka mgodi mmoja wa zamani uitwao Ojuela, karibu na mji wa Mapimí, jimbo la Durango, Mexico. Ukilishika karibu na dirisha utaona fuwele fupi zenye ncha za kabari, zimejipanga kwa umbo la feni, zinameta juu ya mwamba wa rangi ya kutu. Ni jiwe zuri kwelikweli, na simlaumu aliyelipenda.

Lakini jibu ni hapana. Kung'aa chini ya taa ya urujuanimno si dalili ya mionzi ya nyuklia. Narudia kwa sababu najua hamtaniamini kwa mara ya kwanza: taa ile haipimi mionzi, haigundui mionzi, na haina habari yoyote na mionzi. Inachofanya ni kulimwagia jiwe nishati ambayo jicho halioni. Baadhi ya chembe ndani ya jiwe huimeza nishati hiyo na kuitema papo hapo ikiwa mwanga unaoonekana. Ukizima taa, mambo yamekwisha. Mionzi ya nyuklia hutoka katika kiini cha atomu, usiku na mchana, taa iwake isiwake, na hakuna swichi ya kuizima.

Kama bado una shaka, chukua taa hiyo hiyo uzunguke nayo nyumbani. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga litang'aa buluu. Soda ya toniki itang'aa buluu, kwa sababu ya kwinini. Noti halali itakuonyesha nyuzi na alama zake, na ndiyo maana mwenye duka ana taa hiyo. Toka nje gizani umulike chini ya mawe: nge ataonekana kijani kutoka mbali. Rubi nyingi huwaka nyekundu kwa sababu ya kromi. Hakuna aliyewahi kunitumia video ya shati akaniuliza kama lina urani.

Najua imani hii ilikotoka. Zamani kulikuwa na saa ambazo mishale na namba zake zilipakwa rangi yenye radiamu, zikang'aa usiku kucha, na wasichana waliozipaka viwandani Marekani waliugua na wengine kufa. Watu wakabaki na picha moja kichwani: kinachong'aa kijani kinaua. Ila hata katika saa zile, mwanga wa kijani ulitolewa na salfidi ya zinki iliyochanganywa kwenye rangi. Kilichoua ni radiamu. Mwanga na sumu vilikaa pamoja katika kikopo kimoja cha rangi, basi.

Kosa hili lina umri, na aliyelisahihisha alikuwa amelikosea yeye mwenyewe kwanza. Mapema mwaka 1896 Henri Becquerel, mwanafizikia wa Paris, aliamini kwamba vitu vinavyong'aa baada ya kupigwa na jua hutoa pia miale inayopenya karatasi. Alichukua chumvi ya urani inayong'aa, akaiweka juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, na katikati akaweka kipande cha shaba chenye umbo la msalaba. Mpango ulikuwa kuanika juani. Mwishoni mwa Februari mawingu yakafunga, jua halikutoka, naye akavitia vitu vyake kwenye droo. Alipolisafisha bamba lile, akitarajia kivuli hafifu sana, alikuta msalaba umejichora waziwazi. Chumvi haikuwa imeng'aa hata kidogo mle gizani, na bado miale ilitoka. Mei mwaka huo huo akajaribu urani tupu, metali isiyong'aa kabisa, akaona miale yake ni mikali kuliko ya chumvi. Hapo ndipo sayansi ya mionzi ilipoanzia: kwa kugundua kwamba mng'ao na miale havihusiani. Imepita zaidi ya karne moja, na bado watu wananunua taa za noti ili kutafuta urani.

Wasomaji wa Katanga wana mfano mzito kuliko wangu wote. Mgodi wa huko wa Shinkolobwe ulitoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Madini yake makuu, uraniniti, ni meusi, mazito, na hayawaki chini ya taa. Mtu angeyamulika, angeona jiwe jeusi, angelitia mfukoni akaondoka. Tazama pia ndugu wawili wa jamii moja: autuniti, ambayo ni fosfeti ya urani na kalsi, na toberniti, ambayo ni fosfeti ya urani na shaba. Ya kwanza huwaka kijani cha kung'ariza macho, ya pili kwa kawaida haiwaki, kwa kuwa shaba huzima mng'ao. Zote mbili zina urani tele na zote mbili ni hatari. Kwa hiyo taa hukutisha kwa kisicho na madhara na kukufichia kinachodhuru. Anayewauzia wachimbaji wadogo taa hizi kwa jina la "kipima urani" anawadanganya mchana kweupe.

Sasa nieleze kinachowachanganya wachache waliosoma kidogo. Mng'ao wa kijani wa adamiti husababishwa kweli na urani: chembechembe kidogo mno za urani iliyoshikana na oksijeni, zilizoingia wakati fuwele zinaota. Ni kidogo kiasi kwamba kifaa cha Geiger kikiwekwa juu ya adamiti ya Ojuela kwa kawaida hakioni tofauti na mionzi ya asili iliyopo kila mahali. Jicho letu ni jepesi sana kuona mwanga gizani, ndiyo maana chembe chache zinatosha kuwasha jiwe zima. Na adamiti yenye shaba, ile ya kijani kilichokolea ambayo watu huidhania ndiyo kali zaidi, haiwaki kabisa.

Hiyo inatufikisha kwenye adamiti ni nini hasa. Charles Friedel aliieleza mwaka 1866 kutokana na sampuli za Chañarcillo, mgodi wa fedha wa Chile, akaipa jina la Gilbert-Joseph Adam, Mfaransa aliyempa sampuli hizo. Ni asenati ya zinki yenye haidroksili, Zn2(AsO4)(OH). Huzaliwa pale mashapo ya zinki yenye aseniki yanapofikiwa na hewa na maji karibu na uso wa ardhi, yakaoza na kujipanga upya. Safi kabisa, haina rangi. Chuma kidogo huipa manjano, shaba kijani, kobalti waridi, manganizi zambarau. Kwa hiyo msiniletee majina mapya kwa kila rangi. Wauzaji huita ya kijani "kuproadamiti", lakini hilo si jina la madini. Kinachoamua jina ni kemia na mpangilio wa atomu. Zinki ikitawala ni adamiti. Shaba ikitawala ni oliveniti. Zikigawana nusu kwa nusu, kila moja katika nafasi yake, ni zinkoliveniti, iliyotambuliwa rasmi miaka ya 2000 kutoka Lavrion, Ugiriki. Kinyume chake, paradamiti ina fomula ile ile ya adamiti, herufi kwa herufi, lakini atomu zimejipanga vingine, hivyo ni madini mengine. Katika vitabu zote ziko darasa moja na fosfeti na vanadati, kwa sababu aseniki, fosfori na vanadi hushika oksijeni nne kwa umbo lile lile.

Mmeiona aseniki katika fomula? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu hiyo. Si chembechembe, ndiyo mwili wa jiwe: asilimia 26 ya uzito. Gramu moja ya adamiti ina takriban gramu 0.26 za aseniki. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: aseniki ya gramu hiyo moja, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha lita 26,000 kwenye kiwango hicho. Tena adamiti huyeyuka kirahisi katika asidi nyepesi, na tumboni kuna asidi. Halafu nasikia wapo wanaoloweka mawe haya kwenye jagi la maji usiku kucha wakanywa asubuhi "kwa ajili ya moyo". Huo si uponyaji wa aina yoyote. Aseniki husababisha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu, na mnywaji haioni wala haionji. Acheni leo.

Ya kufanya ni machache. Kulitambua: adamiti ni nzito kwa ukubwa wake, karibu mara 4.4 ya maji. Ugumu wake ni 3.5, kisu kinaichora lakini ukucha hauwezi. Unga wake ni mweupe. Rangi na mng'ao viweke mwisho. Ukitaka uhakika, omba kipimo cha mnururisho wa eksirei: Tanzania, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iko Dodoma, Kenya na kwingineko, anza na idara ya jiolojia ya serikali au ya chuo kikuu. Ukiwa na hofu ya mionzi, pima kwa Geiger au uliza, kwa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki. Bei: haiuzwi kwa kilo, huuzwa kipande kwa kipande kwa uzuri wa fuwele, na kilichovunjika hakina mnunuzi. Kulitunza: kisanduku chenye kifuniko, kabati la juu, mikono ioshwe kila ukilishika. Usilichome, moshi wake una aseniki. Usilisage, usilikate bila maji na barakoa, usiliweke kwenye tangi la samaki, usililambe hata kama umeona wanajiolojia wakilamba mawe.

Mtoto akimeza kipande, usipoteze muda kumnywesha maziwa. Mkimbize hospitali, beba jiwe lililobaki, na mwambie daktari neno "aseniki", kwa sababu jina adamiti halitamwambia chochote.