Vitabu sita nilivyosoma kwa raha yangu: Kongo ikisimuliwa na bwana, boyi na mama mtawa

Hapa Lubumbashi, mtu akionekana na kitabu mkononi, swali la kwanza ni lile lile: «Uko na mtihani?» Kama si mtihani, watu wanafikiri ni mahubiri. Mwanafunzi anasoma kwa ajili ya diplome d'État, mwalimu anasoma ili aandae somo, mchungaji anasoma kwa ajili ya Jumapili. Mtu mzima anayesoma riwaya mchana, bila kulazimishwa na mtu, anahesabiwa kuwa hana kazi.

Miezi hii nimesoma vitabu sita bila mtihani wala mahubiri. Vitatu ni vya Kiswahili, vitatu vya Kifaransa. Vyote vinahusu Kongo, ama njia ambazo zamani zilifika Kongo. Kwa kila kimoja natoa maoni mafupi: nilichopenda, kilichonichosha, na mtu ambaye ningemuazima.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip

Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa Zanzibar aliyetajirika kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Kabla ya kufa mwaka 1905, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Sehemu kubwa ya safari zake inapita kwetu: Manyema, Kasongo, Nyangwe, mpaka Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa huko kwa niaba ya mfalme Leopold II wa Ubeljiji.

Jambo linalosumbua ni kwamba mtu huyu anajua kusimulia. Hana maneno mengi, hajipambi, na uongo wake mwenyewe anausimulia akicheka. Kuna mahali anaeleza namna alivyofika kwa mfalme Kasongo Rushie na kumwambia kwamba wao ni ndugu, kwani bibi yake alikuwa dada wa mfalme aliyechukuliwa zamani vitani. Mzee anaamini, anafurahi, anamkabidhi utawala. Nilisoma ukurasa ule mara mbili na nikacheka mara mbili. Kisha nikakumbuka wakaaji wa inchi ile, ambao siku moja waliamka na kukuta wana mtawala mpya kwa sababu ya hadithi ya bibi.

Kilichonichosha ni hesabu. Pembe zinapimwa kwa frasila, moja baada ya nyingine, lakini watu waliozibeba mara nyingi wanatajwa kwa wingi wao tu. Ningemuazima mwalimu wa historia, kwa sharti kwamba asome na kitabu kinachofuata.

Peponi, cha Abdulrazak Gurnah

Gurnah alizaliwa Zanzibar, akaandika riwaya hii kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2021 akapata tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo niliyosoma.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, na deni hilo linalipwa kwa kumtoa mtoto. Anapanda treni akifikiri anaenda kutembea kwa mjomba, kumbe amewekwa rehani. Baadaye anaingia katika msafara unaokwenda bara, mbali, mpaka ng'ambo ya ziwa. Wakati ni ule wa Wajerumani kushika inchi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hii ni njia ya Tippu Tip, lakini safari hii anayetazama ni mtoto. Anaona miguu yenye vidonda, anasikia wakubwa wakipatana bei, haelewi yote, na hivyo sisi ndio tunaelewa. Watu wa msafara wanawaona wakaaji wa bara kama washenzi. Ukiwa msomaji wa Kongo, sehemu hiyo inakupa hisia ya ajabu: wewe uko upande wa wale wanaosubiri ng'ambo, ukitazama mashua zikija. Halafu msafara unafika kwa mtemi Chatu, na Chatu hadanganyiki kama Kasongo Rushie. Nilifurahi, sitaficha.

Maneno kadhaa ya pwani yalinisimamisha, kwani Kiswahili chetu hakina maneno hayo. Lakini hadithi inakubeba. Ningemuazima kijana yeyote anayesema kwamba vitabu vya Kiswahili ni vya watoto wa shule.

Vocabulaire de ville de Elisabethville, cha André Yav

Kichwa chake ni cha Kifaransa, na kinadanganya, maana humo hamna orodha ya maneno. Ni historia ya mji wetu, iliyoandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa hapa na mtu aliyefanya kazi ya uboyi, kwa niaba ya wenzake, watumishi wa nyumba za wazungu. Iliandikwa kwa mashine, ikarudufiwa, na ingeweza kupotea kabisa. Mtaalamu Johannes Fabian aliipata, na mwaka 1990 akaichapisha pamoja na tafsiri na maelezo. Leo maandishi yenyewe yanapatikana kwenye intaneti bila malipo.

Kati ya vitabu vyote sita, hiki ndicho kilichonipa raha kubwa, na ndicho kigumu zaidi kusoma. Yav hakufuata kanuni za shule. Maneno yanashikamana pahali ambapo yangetenganishwa, nukta hazionekani pahali unapozitafuta. Ukisoma kwa macho tu, unapotea. Ukisoma kwa sauti, mara moja unamsikia mzee wa Kenya ama wa Katuba akiongea mlangoni pake.

Na huyo mzee anajua mengi. Boyi alikuwa nyumbani wakati bwana anakula, wakati analewa, wakati anagombana na mke wake, wakati anazungumza na wenzake juu ya wafanyakazi. Walifikiri hasikii. Yav anasimulia kufika kwa wazungu, kuanza kwa mji, taabu ya kazi na ya mshahara, na namna watumishi walivyowajua mabwana wao kuliko mabwana walivyowajua wao. Tarehe zake nyingine hazikubaliani na za vitabu vya wataalamu. Mimi sikujali sana, kwa sababu tarehe naweza kuzipata pengine, lakini sauti hii haipatikani pengine.

Ningemuazima kila mtu wa Lubumbashi mwenye babu ama shangazi aliye hai.

Shaba deux, cha V.Y. Mudimbe

Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Marekani mwezi wa nne 2025. Wengi wanamjua kwa vitabu vyake vya falsafa, ambavyo kweli si vya kusomea kitandani. Lakini aliandika pia riwaya, na hii ya mwaka 1989 ni fupi.

Tuko Kolwezi, 1978. Wapiganaji waliotoka Angola wameshika mji, na baadaye wanajeshi wa Ufaransa wataruka kwa parashuti. Vitabu vingi juu ya vita ile vinasimulia parashuti. Mudimbe anatupeleka ndani ya nyumba ya watawa. Watawa wazungu wanaondoka, na mama mtawa mmoja Mwafrika, Marie-Gertrude, anabaki na mzigo wa nyumba yote. Tunachosoma ni madaftari yake.

Nilipenda kwamba hapigi kelele. Mji unawaka moto, naye anajiuliza kama amesali vizuri, kama kubaki kwake ni utii ama ni kiburi. Watu wetu wengi wameishi vita namna hiyo: wakiendelea kupika, kufagia, kuhesabu chumvi iliyobaki. Kurasa za kuchunguza dhamiri zinaweza kuwa nzito, na mahali pengine nilifunga kitabu mpaka kesho yake. Mwisho sitausema. Ningemuazima mama yeyote aliyekuwa Kolwezi mwaka ule, kisha ningekaa kimya nimsikilize.

Tram 83, cha Fiston Mwanza Mujila

Mujila ni mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1981, na sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya hii ilitoka Ufaransa mwaka 2014 na imetafsiriwa katika lugha nyingi. Tafsiri ya Kiingereza ilimpatia tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015.

Mji wake hauna jina. Umejitenga na inchi nyingine, una jenerali muasi, una kituo cha treni kilichobomolewa, una madini. Usiku wote unamalizikia katika baa moja, Tram 83: wachimbaji wa mikono, wanafunzi walio katika mgomo, watalii waliokuja kutafuta faida, wanamuziki, wasichana. Lucien anataka kuandika. Rafiki yake Requiem anataka pesa. Mtu wa huku kwetu haulizi ni mji gani.

Kitabu hiki kinasomwa kama muziki unavyosikilizwa. Sentensi zinarudi, orodha zinarefuka, mtu anakatizwa katikati ya neno. Kurasa hamsini za kwanza nilizisoma nikitikisa kichwa kama niko kwenye ngoma. Baadaye nikaanza kuchoka, na sababu yake ni wanawake. Wako kila ukurasa, wanauza, wanaita, wanacheka, lakini hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kuwaza. Mwandishi anayejua usiku wa mji huu vizuri hivyo angeweza kumfuata hata msichana mmoja mpaka nyumbani kwake asubuhi. Ningemuazima mpenzi wa muziki, si mtu anayetafuta hadithi iliyonyooka.

Congo Inc., cha In Koli Jean Bofane

Bofane alizaliwa Mbandaka na anaishi Ubeljiji. Kichwa kidogo cha riwaya hii ya 2014 kinataja urithi wa Bismarck, yule Mjerumani aliyeita mkutano wa Berlin wa 1884-1885. Usiogope: kinaanza kwa kicheko.

Isookanga ni kijana Mbilikimo wa msituni. Mnara wa simu umefika karibu na kijiji, na yeye amezama katika mchezo wa kompyuta ambapo makampuni yanapigania mali ya dunia. Anaamua kwenda Kinshasa kuwa mtu wa utandawazi. Anaishia kulala sokoni na watoto wa mitaani, na pamoja na Mchina mmoja aliyekwama mjini anaanza kuuza maji ya mifuko kwa jina la Kiswisi. Nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Halafu anaingia Shasha, msichana anayeishi sokoni pale, ambaye alitoka Mashariki kwa miguu baada ya wazazi wake kuuawa. Anaingia pia kamanda wa zamani wa waasi aliyepewa cheo serikalini. Kicheko kinakatika. Kuna kurasa za mauaji na za ubakaji ambazo msomaji wa Kivu ama wa Ituri anapaswa kujulishwa mapema. Mimi naona Bofane hakuziweka kwa kutafuta mshituko: mchezo wa kompyuta wa Isookanga na vita vya Shasha ni biashara moja, na anataka tuone vinapoungana. Lakini kitabu hiki nisingemuazima mtu bila kumuonya. Kwa mtu mzima mwenye moyo wa kustahimili, ni riwaya nzuri kuliko zote tatu za Kifaransa.

Kinachobaki baada ya vitabu sita

Nilipoviweka vyote juu ya meza, nilitazama mahali vilipotolewa. Simulizi ya Tippu Tip ilichapwa kwanza Berlin. Peponi kimetolewa Dar es Salaam. Maandishi ya Yav yalikuja kuwa kitabu Ulaya. Mudimbe na Mujila walichapishwa Paris, Bofane alichapishwa na nyumba ya Arles, kusini mwa Ufaransa. Vitabu sita juu yetu na juu ya njia zetu, na hakuna hata kimoja kilichotolewa na nyumba ya uchapishaji ya Kongo.

Ndiyo maana swali la «uko na mtihani?» si la kuchekesha tu. Ikiwa kitabu ni cha mtihani peke yake, siku mtihani unaisha, mnunuzi naye anaisha, na hakuna mchapishaji atakayejaribu. Anayesoma kwa raha ndiye anayerudi dukani mara ya pili.

Lakini Yav hakungoja mchapishaji. Alikuwa na mashine ya kuandikia, wenzake waliokubali kusema, na lugha waliyozungumza jikoni. Msomaji, kama una muda wa kitabu kimoja tu, anza na chake. Kitafute kwenye simu, kaa na mzee wa nyumbani, msomee kwa sauti. Usishangae akikukatiza kukuambia kwamba haikuwa hivyo. Hapo shika kalamu.