Kabla bumu halijaishia kwenye laptopu mbovu

Bumu likiingia, wiki ya kwanza tu unawaona wenzetu wakirudi hosteli na laptopu za mtumba. Wiki ya tatu baadhi yao wako kwa fundi. Ukimuuliza mtu kwa nini alichukua ile mashine, anakwambia: "Jamaa alisema ni Core i7, diski GB 500, kila kitu fresh." Na mara nyingi jamaa hakudanganya. Mnunuzi ndiye hakuyaelewa maneno.

Tuanze na mawili makubwa. Maunzi ni vile vitu unavyovishika: kioo, kibodi, betri, diski. Programu ni maelekezo yanayoviendesha, na programu mama ni mfumo endeshi, kama Windows au Linux. Programu ikiharibika, unaweza kuiweka upya. Maunzi yakifa, toa hela.

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. i3, i5 na i7 ni daraja, siyo umri. Umri usome kwenye tarakimu zinazofuata. i7-3520M ni kizazi cha 3, ilitoka 2012. i5-8250U ni kizazi cha 8, ilitoka 2017, na inaiacha mbali ile i7 ya zamani. Kuna jambo jingine: Windows 11 kwa kawaida inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kizazi kina maana kuliko ile stika ya i7.

Sasa RAM na diski, maneno yanayochanganywa kila siku. Diski ni kabati: faili zako zinakaa humo hata mashine ikizimwa. RAM ni meza ya kusomea: unachokifanyia kazi sasa hivi kiko juu yake, na umeme ukikatika meza inafutwa yote. Ndiyo maana sura ya tatu ya utafiti uliyoiandika usiku kucha bila kusevu inaweza kupotea ilhali diski ni nzima kabisa. Na ndiyo maana kufuta muvi hakuongezi RAM. Kama mashine inakwama ukifungua kurasa kumi za intaneti pamoja na Word, huenda tatizo ni meza ndogo. GB 4 zitakusumbua, tafuta 8.

Diski nazo ni aina mbili. HDD ina sahani zinazozunguka ndani, hivyo ni ya polepole na ikidondoka inaumia haraka. SSD haina kitu kinachozunguka, na inawaka upesi zaidi. Kwa kuandika ripoti, SSD ya GB 256 ni bora kuliko HDD ya GB 500.

Kabla hujatoa hela, omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue Performance. Hapo utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Halafu fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili litakalotengenezwa. Design Capacity ni uwezo wa betri ilipokuwa mpya. Full Charge Capacity ni uwezo uliobaki. Kama uliobaki haufiki nusu, jumlisha bei ya betri mpya kwenye bei unayoambiwa, au omba upunguziwe.

Ukishanunua, kumbuka kwamba hata SSD hufa, tena bila kubisha hodi. Utafiti wako usikae sehemu moja. Weka nakala kwenye flashi na nyingine Google Drive, leo, siyo wiki ya kukabidhi.