Kwa nini mti unaostahimili ukame hufa kiangazi cha kwanza?

Mche wa kivuli uliopandwa uani mwezi Aprili unaweza kuwa kijiti kikavu ifikapo Julai, hata kama ni wa jamii inayosifiwa kwa kustahimili ukame. Kwa mkazi wa Nyakiyumbu, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, hiyo ni hasara ya fedha, maji na kivuli.

Milima ya Rwenzori hupata mvua nyingi, lakini huzuia sehemu ya mawingu yasifike kwenye nyanda za chini za Kasese. Huko jua ni kali na mvua ni haba, hivyo uchaguzi wa mti una uzito wake.

Nchini Marekani, wakati wa ukame wa miaka ya 1930, miti ya elmu ya Siberia ilipandwa kwenye nyanda kavu ili kukinga upepo. Kasese haina haja ya kuagiza mti huo. Mkwaju na mgunga ni miti ya Afrika yenye mizizi mirefu na vijani vidogo visivyopoteza maji mengi. Mwarobaini, uliotoka Asia ya Kusini, nao huvumilia ukavu na hutoa kivuli kizito.

Hata hivyo, sifa hiyo haiji pamoja na mche. Mti huvumilia ukame baada ya mizizi yake kufika kwenye udongo wenye unyevu, na kabla ya hapo huhitaji kumwagiliwa kama mmea mwingine wowote.

Panda mwanzoni mwa mvua, Machi au Septemba, ili mizizi ipate muda wa kushuka. Chagua mche mdogo wenye afya. Ule uliokaa mno kwenye kiriba huwa na mizizi iliyojisokota. Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 60, changanya udongo wa juu na samadi, kisha tandaza nyasi kavu bila kugusa shina.

Wakati wa kiangazi, ni afadhali kumwagilia maji mengi mara moja kwa wiki kuliko kidogo kila siku. Maji machache huishia juu, na mizizi hubaki huko huko. Weka uzio dhidi ya mbuzi.

Ukitunzwa hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo, mti huo utaweza kujitegemea.