Taarifa ya habari ilipokuwa na mwisho

Baba yangu alikuwa na redio moja na masharti mengi. Betri, zile zenye picha ya paka, zilikuwa za taarifa ya habari ya jioni kwenye Sauti ya Kenya na, akipenda, matangazo ya vifo. Zikianza kufifia tulizianika juu ya bati kama samaki, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Msomaji akifika mwisho wa taarifa, mkono wa baba tayari uko kwenye swichi: ta! Dunia ikangoja hadi kesho, nasi tukala.

Sharti hilo nakumbuka likivunjwa mara moja tu, Jumapili ya Agosti 1, 1982, wanajeshi walipoiteka stesheni yenyewe na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo redio haikuzimwa, na hakuna aliyeuliza habari za betri.

Nilimkumbuka mzee Agosti 2022. Kura zilipigwa Jumanne tarehe 9, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikaanza kuweka fomu 34A za matokeo ya urais ya vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, kila mwenye simu ajijumlishie. Uwazi mzuri kabisa, nami ukanitoa roho. Vituo vya televisheni navyo vilijumlisha kila kimoja kivyake: huku Raila yuko mbele, kule Ruto, kwa kuwa hawa wameanza na fomu zile na wale na hizi. Hesabu ya saa nne usiku ilikuwa haifai kitu ikifika saa tano, lakini presha nilikuwa nimeshaipandisha. Usiku mmoja niliamka kwenda msalani, nikarudi kitandani kunakucha, simu ina chaji ya asilimia nne. Mke wangu akaniuliza ni lini nimeajiriwa na tume.

Mshindi alitangazwa Jumatatu tarehe 15. Kwa siku zile zote habari ilikuwa moja tu: fomu zinajumlishwa.

Kilichonitia aibu kilikuja baadaye. Sisi wa Mombasa hatukumpigia gavana kura siku ile, kwa sababu karatasi zilikuwa na kasoro. Uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 23, ukaahirishwa tena, mwishowe ukafanyika tarehe 29. Mimi niliyejua asilimia za kaunti nisizowahi kukanyaga, huko kuahirishwa mara ya pili niliambiwa na mama anayetuuzia mahamri. “Kwani hukusikia, mwanangu? Kura ya tarehe 23 haipo tena.”

Simu haina msomaji wa kukuaga, na si kwa kusahau: kidole kikiendelea kushuka, matangazo ya biashara nayo yanaendelea kuingia. Halafu kuna jumbe za WhatsApp zenye mishale miwili. Tangu Aprili 2020, ujumbe uliopita mikono mingi hutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mpigo, lakini shangazi yangu ana subira.

Wapo wanaosema dawa ni kuacha habari kabisa. Jirani yangu aliacha. Asubuhi ya tarehe 23 alivaa kanzu, akatia kitambulisho mfukoni, akaenda kituoni akakuta watoto wako darasani wanasoma.

Basi nimerudia masharti ya baba, nikiyalegeza kidogo. Arifa za simu nimezima zote. Taifa Leo naisoma kwa kinyozi, jioni nasikiliza taarifa moja mpaka mwisho wake. Nikitamani kuongeza, najiuliza nikishajua nitafanya nini. Mara nyingi jibu ni kwamba nitamwambia mke wangu, naye hataki.

Septemba 5, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake kuhusu kura za urais, simu niliiacha nyumbani juu ya friji. Nilisimuliwa na fundi cherehani, sindano mdomoni, labda nusu saa baada ya mtaa mzima kujua. Uamuzi ulikuwa ule ule.