Mtoto Asiyeshika Kusoma Si Mjinga

Huku Kayole na Dandora twakuta watoto wa gredi ya nne ambao wakiona "baba" husoma "dada". Wanaitwa wazembe, wanachapwa. Huenda ni disleksia: akili iko sawa, ila ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Kiboko hakitibu, na shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001. Tufundishe sauti moja moja, pole pole, mtoto akichora herufi mchangani. Akapimwe KISE, Kasarani, taasisi iliyoanzishwa 1986. Richard Branson wa Uingereza ana disleksia. Masomo yalimshinda, lakini alianzisha kampuni za Virgin. Basi tusimkatie mtoto tamaa mapema.