Kumsaidia Mwalimu wa Darasa la Kwanza Mwishoni mwa Mwaka

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, skuli za msingi za Unguja huwa na shughuli nyingi. Mitihani husimamiwa, madaftari husahihishwa, na ripoti za wazazi huandikwa. Katika pilikapilika hizo, mwalimu anayefundisha kusoma na kuandika katika darasa la kwanza aghalabu husahauliwa, kwa kuwa watoto wake hawafanyi mtihani unaotoka Wizarani. Hata hivyo, kazi aliyo nayo si ndogo. Hana budi kujua, mtoto mmoja mmoja, nani anasoma na nani bado, kabla darasa halijaingia mikononi mwa mwalimu mwengine.

Makala haya yanaeleza ni msaada gani mwalimu huyo anauhitaji, na nani awezaye kuutoa. Yamekusudiwa ninyi mnaojifunza kazi ya ualimu, kwani karibuni mtakuwa ama mwalimu huyo mwenyewe, ama jirani yake wa chumba cha pili. Mifano yetu tumeitoa katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kama vile Pete, Kitogani na Charawe.

Kusoma na kukariri

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Maandishi ya lugha hii yanafuata matamshi kwa karibu sana: irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma neno ambalo hajapata kuliona maishani mwake. Hapo ndipo penye alama ya kusoma kweli.

Lakini kuna mtoto anayeonekana kusoma, kumbe anakariri. Husikiliza wenzake, huhifadhi ukurasa mzima, kisha huutoa kwa sauti huku kidole kikipita juu ya maneno mengine. Watoto wetu wengi huhudhuria chuoni, ambako huhifadhi sura za Kurani kwa ustadi mkubwa. Kipaji hicho cha kuhifadhi ni neema, wala kisidharauliwe. Ila mwalimu wa kusoma asikichukue kuwa ni ushahidi kwamba mtoto anazijua herufi. Mtoto kama huyo akipandishwa darasa bila ya kugunduliwa, atakutana na kitabu kipya asichokihifadhi, naye atanyamaza. Tangu siku hiyo ataitwa mvivu au mzito wa akili, ilhali kosa si lake.

Njia ya kumgundua ni nyepesi. Mwalimu humwita mtoto peke yake na kumpa mambo manne:

(a) silabi kumi zilizochanganywa, zikiwamo za konsonanti zaidi ya moja, kama mba, ndo, nyu na ng'o;

(b) maneno matano ya kawaida yasiyokuwamo katika kitabu cha darasa, kama vile mkoko na dhahabu;

(c) maneno mawili ya kubuni yasiyo na maana, kama bemu na tolise, ambayo hakuna awezaye kuyakariri;

(d) sentensi mbili fupi, na swali moja juu ya maana yake.

Ikumbukwe pia kwamba upande wa kusini wa Unguja baadhi ya watoto huzungumza Kikae nyumbani. Mtoto akilisoma neno sawasawa lakini akalitamka kwa lafudhi ya kwao, asihesabiwe kuwa amekosea.

Msaada wa kwanza: muda

Upimaji huu huchukua kama dakika 5 kwa kila mtoto. Tuchukue mfano wa darasa lenye watoto 60: zitahitajika dakika 300, yaani saa 5 kamili. Mwalimu akitenga dakika 30 kila siku, atamaliza kwa siku 10 za masomo, ambazo ni wiki mbili. Mwenye kuanza katikati ya Novemba atamaliza kabla ya likizo, lakini mwenye kungoja Disemba hatamaliza.

Swali ni hili: katika dakika hizo 30, watoto 59 waliobaki watakuwa na nani? Hapa ndipo msaada unapohitajika. Mwalimu mkuu yafaa aziingize dakika hizo katika ratiba, na mwalimu asiye na kipindi alishike darasa kwa nyimbo, hadithi au mwandiko. Mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Kumwambia mwenzako "pole na kazi" ni adabu njema, lakini kumshikia darasa lake kwa nusu saa ndiko kumsaidia.

Msaada wa pili: makabidhiano

Matokeo ya upimaji yasibaki kichwani mwa mwalimu mmoja. Alama "38 kwa 100" haimwambii mwalimu wa darasa la pili aanzie wapi. Linganisha na maelezo haya: "Anasoma silabi zote za konsonanti moja. Hukwama kwenye mb na nd. Huchanganya b na d. Akikaa nyuma haoni ubao. Akiwekwa mbele husoma." Mistari hiyo mifupi humpa mwalimu mpya wiki kadhaa za kazi ambazo angezipoteza kwa kubahatisha.

Kila mtoto aandikiwe kadi yake, na walimu wawili wakae pamoja kwa saa moja kabla ya kufunga skuli, wakizipitia kadi za wale ambao bado hawajasoma. Palipo na Kituo cha Walimu, kama kile cha Kitogani, walimu wa skuli jirani wanaweza kukutana na kutengeneza kadi za namna moja, ili mtoto akihama na wazazi wake, kadi yake ifahamike aendako.

Msaada wa tatu: maandishi ya likizo

Mtoto aliyeanza kusoma juzi husahau upesi asipopata cha kusoma. Vitabu vya kupeleka nyumbani aghalabu havitoshi, lakini vipande vya karatasi ngumu hupatikana. Walimu wa skuli nzima, wakigawana kazi, wanaweza kumwandikia kila mtoto sentensi kumi zinazotoka katika mazingira yake. Jozani, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, ina mambo mengi ya kuandika. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, hula majani ya mwembe na mkungu, kisha hula makaa, ambayo wataalamu wanaeleza kuwa humsaidia kupunguza sumu ya majani hayo. "Kima anakula makaa" ni sentensi fupi, silabi zake ni nyepesi, na mtoto atapenda kumsomea bibi yake. Kwa watoto wa Bwejuu na Michamvi, "Mama anaanika mwani" itafaa vilevile. Dada au kaka aombwe kumsikiliza kwa dakika chache kila siku.

Hitimisho

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa Zanzibar kwamba elimu ni bila ya malipo, na mlango wa skuli ukawa wazi kwa mtoto wa kila kijiji. Lakini mtoto aliyekwisha kuingia skuli asipojua kusoma, mlango wa elimu bado umefungwa kwake, hata kama jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Ufunguo wake umo mikononi mwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ikifika Novemba, muulizeni mwenzenu huyo ni watoto wangapi bado hajawasikiliza, kisha nendeni mkamshikie darasa.