Kabla ya Kutuma Hela ya Nyumba Nyumbani: Tulichojifunza Kwenye Mjengo wa Riyadh

Wengi wetu tulio kwenye mjengo tunazijua nyumba za Sedra kaskazini mwa Riyadh, na za Alarous kule Jeddah. Ni miradi ya ROSHN, kampuni ya mfuko wa uwekezaji wa serikali. Kando yake zipo kampuni nyingi za watu binafsi, maana Saudia imejiwekea lengo kuwa ifikapo 2030, asilimia 70 ya familia za wenyeji ziwe na nyumba zao.

Huko kwetu Kenya upungufu unakadiriwa kuwa nyumba milioni 2. Kila mwaka zinahitajika kama 250,000, na zinazojengwa ni kama 50,000 tu. Serikali peke yake haiwezi kuziba pengo hilo, kwa hiyo kampuni binafsi zinahitajika. Na zinatujua. Kila Ijumaa simu zetu zimejaa matangazo: "Lipa kidogo kidogo, funguo baada ya miezi 18."

Dada mmoja wa kikundi chetu hapa Jeddah, mfanyakazi wa nyumbani, aliitikia tangazo la namna hiyo. Alituma hela miezi 14 mfululizo. Siku kaka yake alipokwenda kuangalia, alikuta ua wa mabati na mahindi ya mtu. Kampuni haikukana deni. Ilisema tu "subiri." Mpaka leo anasubiri, na mkataba wake wa kazi ameuongeza mara mbili.

Wapo waliofanikiwa pia, na hatuwaambii watu waogope. Tunasema ununue kwa akili.

Wenyeji hapa wanalindwaje?

Nyumba inayouzwa kabla ya kujengwa hapa Saudia iko chini ya mpango unaoitwa Wafi. Mwenye mradi lazima apate leseni kabla hajauza. Hela za wanunuzi zinaingia kwenye akaunti maalum ya mradi, si mfukoni mwake. Na anazitoa kadiri ujenzi unavyokwenda, baada ya mhandisi kuthibitisha kazi. Mafundi mnalijua hilo: msingi haujakaguliwa, hakuna malipo.

Huko nyumbani usitegemee kwamba ulinzi huo upo tayari. Udai wewe mwenyewe, kwenye mkataba.

Mambo matano kabla ya riyali ya kwanza

1. Kagua ardhi. Omba namba ya hati miliki, kisha ufanye upekuzi. Kwa Nairobi kuna Ardhisasa mtandaoni, na pale ambapo mfumo huo haujafika unakwenda ofisi ya ardhi ya kaunti. Jina la mwenye ardhi lilingane na la anayekuuzia. Angalia pia kama ardhi imewekwa rehani benki. Watanzania, kwenu ni kwa Msajili wa Hati.

2. Chukua wakili wako, si yule wa kampuni. Kenya arbuni ya kawaida ni asilimia 10. Ipitie akaunti ya wakili, isiende kwa simu ya "mkurugenzi" wala ya broka.

3. Lipa kwa hatua. Msingi, ukuta, paa, umaliziaji. Mkataba uandike tarehe ya kukabidhi, fidia ya kuchelewa, na jinsi ya kurudishiwa hela.

4. Uliza hati ya nyumba yako. Kwa fleti za Kenya, Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inaruhusu kila mwenye fleti awe na hati yake. Ukiambiwa "hati ni moja tu, tutaangalia baadaye," rudi nyuma.

5. Tuma mtu wa kuona. Picha za kuchorwa kwa kompyuta hazitoshi. Aende bila kutoa taarifa, apige video, aongee na majirani. Akihitaji kusaini kwa niaba yako, tengeneza hati ya uwakilishi kupitia ubalozi wetu Riyadh, na iseme anasaini nini hasa. Usimpe ruhusa ya kila kitu, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Hesabu kabla ya ndoto

Ukitenga riyali 500 kwa mwezi kwa miezi 24, unapata riyali 12,000. Riyali ikiwa karibu shilingi 34, hizo ni kama shilingi 400,000 za Kenya. Kwa nyumba nyingi za mjini hicho ni kianzio tu. Je, mkataba wako ukiisha, au kafili akikurudisha mapema, nani ataendelea kulipa? Kama jibu hakuna, anza na ploti yenye hati, au weka akiba kwanza SACCO. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, pamoja na ada ya wakili.

Yule dada sasa ana wakili, na kesi iko njiani. Alituomba tuwaambie kitu kimoja: upekuzi wa hati ungemgharimu hela kidogo kuliko vocha za mwezi mmoja za kupigia nyumbani.